Dawa inavyokamatwa kwa farasi wa mbio: hatua kwa hatua, kuanzia bandani hadi kwenye mashine

Naandika hii kwa vijana wetu wa aina mbili. Wa kwanza ni saisi anayelala karibu na farasi, awe pale Ngong Nairobi au awe Dubai au Qatar. Wa pili ni yule aliyemaliza diploma ya maabara, akapata kazi kwenye maabara ya mbio, na siku ya kwanza tu akakabidhiwa chupa ya mkojo wa farasi akaambiwa haya, tafuta. Mimi nimepita kote kuwili, nilianza na ndoo na brashi, koti jeupe likaja baadae, na nilichokiona ni kwamba watu wanaogopa mashine bure tu. Makosa mengi yanafanyika kabla sampuli haijaifikia mashine, na yakishafanyika anayeumia kwanza ni farasi, wa pili ni saisi, manake mwenye farasi ana wakili na mkufunzi ana wakili, saisi ana begi lake tu.

Kwahiyo nitaenda taratibu pale penye uzito, pengine nitapita haraka.

Jua kwanza unatafuta nini

Vitu vinavyokatazwa viko vya namna mbili. Kuna vile ambavyo havitakiwi kuonekana kabisa siku ya mbio, kama steroidi za kujenga misuli, EPO (homoni ya kuongeza chembe nyekundu za damu), vichangamshi na dawa kali za maumivu, hapo ukikuta na ukathibitisha basi. Halafu kuna vile ambavyo mwili wa farasi unavitengeneza wenyewe au anavila kwenye majani, hivyo ndo vimewekewa kikomo. Vikomo vya kimataifa viko kwenye makubaliano ya IFHA, lile shirikisho la mamlaka za mbio duniani, kifungu cha 6, na ukikaa kwenye kazi hii utavijua kwa moyo tu: kobalti mikrogramu 0.1 kwa mililita ya mkojo au 0.025 kwenye plazma (yale maji ya damu), asidi ya salisiliki 750 kwenye mkojo (alfalfa inayo kiasili, ndo maana namba ni kubwa hivo), theobromini 2, haidrokotisoni 1, aseniki 0.3. Testosteroni kwa maksai ni nanogramu 20 kwa mililita ya mkojo, kwa jike ni 55. Dume mzima yeye testosteroni ni yake kwahiyo haukuti namba ya hivo kwake, anaangaliwa kwa njia nyingine.

Na kuna kundi la katikati, vitu vinavyoingia kwenye chakula kwa bahati mbaya. Hivi navyo vina kiwango, mfano kafeini nanogramu 50, mofini 30 na skopolamini 30 kwa mililita ya mkojo. Skopolamini inatoka kwenye mnanaha, ule mmea wenye ua jeupe refu kama tarumbeta na tunda la miiba unaoota kila jalala kwetu, ukikatwa pamoja na majani ya farasi ndo imetoka hiyo. Mofini inatoka kwenye mbegu za mpopi. Mwaka 2014 farasi wa Malkia Elizabeth, anaitwa Estimate, alishika nafasi ya pili Gold Cup pale Ascot halafu akanyang'anywa kwa sababu ya mofini, na chanzo kikaonekana ni chakula kilichochafuka. Farasi wa Malkia! Kwahiyo usiseme sisi huku tunaonewa, chakula kikichafuka kinamkuta yeyote.

Ndugu saisi shika hili pia: muda ambao dawa inaonekana sio muda wa kusubiri. Maabara za Ulaya zimetoa orodha, dawa za maumivu na uvimbe kama byuti, yaani fenilibutazoni, inaonekana masaa 168, flunixini masaa 144, meloxikamu 72. Lakini namba hizo zimetoka kwa farasi wachache waliopewa dozi maalum kwa njia maalum. Wako anaweza kuwa mzee, ini lake zito, au anakula majani yaliyolowa mkojo wake mwenyewe na dawa inarudi mwilini upya. Siku za kusubiri anapanga daktari wa mifugo na ataongeza juu ya hizo, usihesabu mwenyewe kwa vidole.

Kuchukua sampuli

Farasi akitoka kwenye mbio anapelekwa kwenye banda la sampuli, na kuanzia pale mpaka anatoka asiachwe bila mtu wa mamlaka na mtu wa upande wake, wote wawili. Anza na utambulisho: pitisha kisomeo cha chipu upande wa kushoto wa shingo, linganisha namba na pasipoti yake, angalia na alama zake za rangi kabisa. Usifungue hata chupa moja kabla ya hapo.

Mkojo ndo wa kwanza kwa umuhimu, manake dawa nyingi zinakusanyika humo na zinakaa muda mrefu kuliko kwenye damu. Mtembeze apoe, mpe maji, muingize kwenye banda lenye nyasi kavu safi (farasi wengi hawapendi kukojoa sakafu ngumu, mkojo unawarukia miguuni), halafu tulia na piga mluzi polepole, wengi wamezoeshwa hivo toka wadogo. Mkusanyaji anavaa glavu mpya anashika kile kikombe chenye mpini mrefu, na farasi akinyoosha miguu ya nyuma unakisogeza bila haraka, ukimshtua atakata na hapo mtakaa nusu saa nyingine. Mtu anayeona mkojo wa farasi kwa mara ya kwanza anadhani ni mgonjwa, manake ni mzito unavutika kama uji, una ukungu wa chembe za chokaa, na ukikaa hewani unageuka kahawia. Ni kawaida kabisa. Ikifika saa nzima na hajakojoa unachukua damu peke yake.

Damu inachukuliwa na daktari kutoka mshipa wa shingo, tyubu zenye hepari ili isigande. Sampuli zote zinagawanywa mbele ya mashahidi kuwa A na B, zinafungwa kwa vifuniko vya sili ambavyo vikishajifunga havifunguki bila kuvunjika, stika ya namba inabandikwa, fomu inasainiwa. Hapa nawaomba masaisi mnisikie vizuri: SOMA namba ya kwenye chupa, kisha soma namba ya kwenye fomu, ndo usaini. Ni sekunde 10 tu hizo. Nimeona watu wanasaini huku wameshika kamba na mkono mwingine simu. Ukiona kifuniko kimekaa upande sema hapo hapo na kiandikwe kwenye fomu, ukisema wiki 3 baadae hakuna atakayekusikiliza.

Jina la farasi haliendi maabara, inaenda namba peke yake, kwahiyo mchunguzi hajui kama anashika mkojo wa bingwa wa Dubai au wa farasi aliyekuja wa mwisho.

Sampuli zinaingia kwenye boksi la baridi, digrii 4 hivi, na kila mkono unaolishika boksi unaandika saa na sahihi. Kwenye joto la Ghuba boksi likisahaulika kwenye gari mchana bakteria wanaanza kula vitu ndani ya mkojo na wengine wanatengeneza vitu ambavyo havikuwepo.

Kupokea

Hii ni fupi ila usiiruke. Kagua sili, piga picha, linganisha namba, pima joto la boksi, andika rangi na kiasi, pima asidi na uzito wa mkojo ili ujue kama ni mkojo kweli na haujachanganywa maji. B inaenda friza moja kwa moja bila kufunguliwa. A inapewa namba ya ndani ya maabara. Kama kuna sili iliyovunjika unasimamisha kazi na kumpigia msimamizi, hauendelei eti utaandika baadae.

Kufungua dawa iliyofungwa na ini

Hapa ndo wageni wengi wanapotea. Dawa ikishaingia mwilini ini linaishika na kuibandika kipande cha sukari kinaitwa glukuroni, au kipande cha salfa, ili iyeyuke kwenye maji itoke na mkojo. Kwahiyo ile unayoitafuta imevaa nguo nyingine, na ukiipeleka mashine hivo hivo nyingi hauioni, hasa steroidi na mofini. Lazima uivue.

Mfano wa kazi ya mkojo, kila maabara ina karatasi yake iliyothibitishwa na lazima uifuate hiyo, hapa naonesha mwendo tu. Chukua mililita 3 za mkojo uliokwisha changanywa vizuri, usichote ule mwepesi wa juu ukaacha tope chini. Ongeza kipimo cha ndani, yaani kemikali ile ile unayotafuta ila imetengenezwa na haidrojeni nzito ili mashine iitofautishe, hiyo inapitia kila shida ambayo dawa halisi itapitia, ikipotea nusu njiani unajua na dawa imepotea nusu. Ongeza bufa (kimiminika kinachoshikilia asidi isibadilike), ongeza kimeng'enya cha glukuronidasi (kuna kinachotoka kwa bakteria wa E. coli, kuna cha konokono, cha konokono kinavua na salfa kidogo), rekebisha asidi iwe pale kimeng'enya kinapopenda, na weka kwenye joto. Wengine wanaacha usiku mzima kwa digrii 37, wengine masaa machache kwa joto la juu zaidi. Halafu zungusha kwenye sentrifyuji dakika 10, lile tope lote linakaa chini na unachukua maji ya juu.

Plazma ni rahisi zaidi, mara nyingi unamwagia asetonitrili protini zinaganda kama maziwa yaliyokatika, unazungusha, unachukua ya juu.

Kusafisha na kukusanya

Mkojo bado una vitu maelfu, chumvi, rangi, mabaki ya majani. Tunaupitisha kwenye katriji ndogo yenye unga ndani, unga huo unashika dawa na kuacha uchafu upite. Zinazotumika sana kwa farasi ni zile za mchanganyiko, zinashika vitu vya mafuta na pia vitu vyenye chaji chanya.

Kwanza lowesha kwa methanoli, halafu bufa ya asidi 6 (pH 6), na usiiache ikauke kati ya hapo, ikikauka njia zinafunguka ndani ya unga na dawa inapita chini kama hakuna kitu. Pitisha sampuli tone kwa tone, ukivuta pampu kwa nguvu ili uwahi chakula cha mchana umeshaiharibu. Osha kwa maji, osha kwa asidi ya asetiki dhaifu, kausha kwa hewa dakika 5. Toa kundi la kwanza, vitu vyenye asidi na vya katikati kama byuti na steroidi, kwa kiyeyushi chake. Osha tena kwa methanoli, kisha toa kundi la pili, vitu vyenye besi kama vichangamshi na dawa za ganzi, kwa ethili asetati yenye amonia kidogo. Mchanganyiko huu wa amonia tengeneza asubuhi ya siku hiyo hiyo, amonia inaruka, ukitumia wa jana utakuta kundi zima la besi limebaki kwenye katriji na utakuja kusema farasi ni safi.

Halafu unapulizia gesi ya naitrojeni kwa digrii 40 hivi mpaka kikauke, ila simama karibu, vitu kama amfetamini vyenyewe vinaruka hewani ukikausha kupita kiasi, ndo maana watu wanaweka tone la asidi ya haidrokloriki kabla. Mwisho unayeyusha kwa mikrolita 100. Umetoka mililita 3 umefika 0.1, maana yake umekusanya dawa mara 30, na hiyo ndo inakupa nguvu ya kuona vitu vidogo vya kutisha. Vidogo kiasi gani? Kwenye Kentucky Derby ya 2021 farasi Medina Spirit alikutwa na betamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, pikogramu 21 kwa mililita ya damu, na pikogramu moja ni gramu ukiigawa mara trilioni moja. Februari 2022 akanyang'anywa ushindi. Upande wa mkufunzi ulisema ilitoka kwenye dawa ya kupaka ngozi, haikuwa sindano, na ili kuchunguza hilo mkojo ukapimwa vitu vingine vilivyomo kwenye ile dawa ya kupaka. Kumbuka hiyo mbinu, kitu kimoja kikionekana unatafuta na wenzake waliosafiri nacho.

Mashine yenyewe

Siku hizi kazi kubwa inafanywa na kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Zamani, kule Vienna karibu 1910, walianza kwa kupima mate ya farasi kutafuta alkaloidi, leo mashine moja inapitisha mamia ya dawa kwa dakika 10.

Nitachukua mfano mmoja niuoneshe kwa karibu: theobromini, ile ya kakao. Tuseme kuna mtu kampa farasi kipande cha chokoleti, au maganda ya kakao yamo kwenye chakula.

Sampuli inaingia kwenye safu ya C18, bomba fupi la chuma lenye unga laini ndani. Unaanza na maji mengi yenye asidi ya fomiki kidogo, unaongeza asetonitrili taratibu. Vitu vinavyopenda maji vinatoka mapema, vinavyopenda mafuta vinang'ang'ania. Theobromini inatoka kwanza, teofilini baada yake, kafeini mwisho. Kila kitu kikitoka kinapuliziwa kwenye umeme kinapata chaji na kinaingia kwenye spektrometa inayokipima uzito.

Sasa tatizo. Theobromini na teofilini zina uzito ule ule mmoja, 181.07 zikiwa na chaji, hata mashine kali kabisa ya masi haizitofautishi kwa uzito peke yake manake atomi ni zile zile, zimepangwa tofauti tu. Na teofilini ni dawa ya kifua, inafungua njia za hewa, sio chokoleti! Kwahiyo tunazivunja. Ndani ya mashine zinagongana na gesi zinapasuka, na zinapasuka tofauti: theobromini inaangusha kipande cha uzito wa 43 na kubaki 138, teofilini inaangusha cha 57 na kubaki 124. Kafeini inaanza na 195 inabaki 138 na 110. Ukiwa na muda wa kutoka kwenye safu, uzito mzima, na vipande vilivyovunjika, vyote vitatu vinaelekeza sehemu moja, hapo ndo unaweza kutaja jina. Ukiwa na kimoja una shaka tu, na shaka haiandikwi kwenye ripoti.

Kuna mashine za aina mbili utakazokutana nazo. Ile ya kwadrupoli tatu unaiambia tafuta hivi na hivi, inaona vizuri sana ila inaona ulichoiambia tu. Ile ya uzito wa kina inarekodi kila kitu kilichopita, na mwaka kesho ikitoka dawa mpya unarudi kwenye faili la zamani unaitafuta bila kugusa mkojo tena. Kwa ushauri wangu, kama maabara ina pesa ya mashine moja, inunue hii ya pili.

Na hata hiyo haioni usichokijua. Mwaka 2012 kule Marekani watu walikuwa wanawapa farasi demofini, kitu kinachotoka kwenye ngozi ya chura wa Amerika Kusini, kikali kuliko mofini, na maabara zilikuwa hazikioni mpaka maabara moja ya Denver ikatengeneza kipimo chake, ndo wakakamatwa farasi zaidi ya 30 kwenye majimbo kadhaa. Somo la kazi hapo ni kwamba maabara inahitaji habari kutoka bandani. Ukiona kichupa kisicho na lebo kinazunguka, sema.

Vitu vyenye njia yake peke yake

Hivi nitapita haraka. Baikaboneti ya soda, ile ya kuumulia maandazi, kuna watu wanaimwaga tumboni mwa farasi kwa bomba la puani ili misuli isichoke mapema. Inapimwa kwenye damu kama jumla ya kaboni daioksaidi, kikomo ni milimoli 36 kwa lita, farasi wa kawaida yuko karibu na 30. Damu hii inachukuliwa kabla ya mbio, manake akishakimbia asidi ya misuli inabadilisha namba, na tyubu usiifungue mpaka unapopima, gesi inatoroka.

Kobalti na aseniki vinapimwa kwa ICP-MS, inachoma sampuli kwenye plazma ya agoni (gesi ya joto kali sana, sio ile plazma ya damu) na kuhesabu madini. EPO na homoni za protini zinavuliwa kwa kingamwili zilizoshikizwa kwenye vishanga vya sumaku, zinakatwa kwa tripsini, vipande vinaenda kwenye spektrometa.

Unywele wa shingo nao ni daftari. Unakua sentimita 2 hivi kwa mwezi, kwahiyo unyoya wa sentimita 20 una habari za miezi 10. Unakata karibu na ngozi, unafunga uzi kuonesha upande wa mzizi (watu wanasahau hapa halafu hawajui mwanzo uko wapi), unaosha nje kwa kiyeyushi, unakata vipande vipande, unasaga, unatoa dawa. Steroidi na klenbuteroli zinaonekana vizuri humo muda mrefu baada ya mkojo kuwa safi. Na vipimo vya nje ya mbio ni muhimu hivo hivo: Aprili 2013 pale Newmarket Uingereza farasi 45 wa mazizi ya Godolphin walipimwa wakiwa bandani, 11 wakakutwa na steroidi, ethilestrenoli na stanozololi, mkufunzi Mahmood Al Zarooni akafungiwa miaka 8. Siku ya mbio huenda baadhi wangekuwa safi.

Kuthibitisha

Mchujo wa kwanza ukionesha kitu haujakamata mtu. Unarudi kwenye chupa A, unachukua sehemu mpya, unaanza kazi upya toka mwanzo, safari hii ukitafuta kitu kimoja tu. Unaandaa pamoja mkojo safi wa farasi mwingine unaojulikana hauna dawa, na mkojo safi uliotiwa dawa halisi yenye cheti. Mpangilio kwenye mashine: kiyeyushi kitupu, mkojo safi, kiyeyushi kitupu, sampuli, kiyeyushi kitupu, na mkojo uliotiwa dawa uwe WA MWISHO. Ukiutanguliza mabaki yake yanabaki kwenye sindano ya mashine na yanatokea kwenye sampuli ya farasi asiye na kosa.

Muda wa kutoka usipishane na wa dawa halisi zaidi ya asilimia 2 au sekunde chache, vipande vya kutambulisha viwe angalau vitatu, na uwiano wao ulingane na wa dawa halisi. Ukiona mkojo safi nao una kilele (ule mlima mashine inaouchora kitu kikipita) hata kidogo, simama.

Hili lilinipata mimi. Kwenye maabara fulani niliona kafeini kwenye sampuli, nikafurahi kabisa kwamba nimekamata, halafu nikaangalia mkojo safi nayo imo, na kiyeyushi kitupu nacho kimo. Kahawa. Nilikunywa kahawa chumba cha nje, nikarudi na glavu zile zile nikashika tipu za pipeti. Nisingeweka ule mkojo safi kwenye mstari, farasi wa mtu angepoteza zawadi na saisi wake angeulizwa alimpa nini. Toka siku hiyo kahawa, chokoleti, soda, hata krimu ya kupaka maumivu, haviingii kwenye jengo ninalofanya kazi, na nguo nabadilisha mlangoni. Saisi nae vivyo hivyo: kama unatafuna miraa, ina kathinoni ambayo ni kichangamshi, nawa mikono kabla hujagusa chakula cha farasi.

Kiasi, ripoti na chupa B

Kwa vitu vyenye kikomo unatengeneza mstari wa vipimo, mikojo safi mitano au sita iliyotiwa viwango vinavyojulikana, chini na juu ya kikomo, unasoma sampuli yako kwenye mstari huo zaidi ya mara moja. Kila kipimo kina shaka yake, yaani kiasi kinachoweza kuwa kimezidi au kupungua, na unaitoa kwa faida ya farasi: kama kikomo cha theobromini ni 2 na wewe umepata 2.1, na shaka yako ni 0.3, hauripoti. Lazima ukivuke kikomo na shaka juu yake.

Ripoti inaandika kitu gani, kiasi gani inapohitajika, kwa njia gani. Haiandiki nani alimpa wala alikusudia nini, hiyo sio kazi yako hata kama una maoni.

Mwenye farasi ana haki ya chupa B ifunguliwe, kawaida kwenye maabara nyingine, na mtu wake anaweza kusimama akaona sili inavunjwa. Saisi, kama jina lako limetajwa kwenye kesi, omba kujua hiyo siku. Na usisubiri B kuanza kutafuta chanzo. Nina rafiki yangu alifukuzwa kwa diklofenaki iliyokutwa kwa farasi wake, yeye mwenyewe alikuwa anameza kwa ajili ya mgongo, na usiku alikuwa anakojoa kwenye kona ya banda kwa sababu choo kilikuwa mbali. Hakuna aliyeuliza hilo, na matokeo yalipotoka nyasi zilishatupwa zamani, hakuna cha kupima. Kwahiyo siku farasi wako anapimwa weka kando mfuko mmoja mdogo wa chakula alichokula, mmoja wa majani, mmoja wa nyasi za kulalia, andika tarehe, funga, weka mahali pakavu penye baridi. Andika kwenye daftari dawa zote za bandani, za farasi NA za watu, pamoja na krimu na matone ya macho. Mifuko hiyo ikija maabara tunaipima kwa njia ile ile, na tukikuta dawa kwenye nyasi kesi inageuka kabisa.

Mabaki ya A yanarudi friza. Mamlaka nyingi zinahifadhi sampuli zilizopita safi kwa miaka ili zipimwe tena kipimo kipya kikipatikana, kwahiyo andika namba ya friza, rafu na boksi siku hiyo hiyo kabla hujavua koti.